Kukosa Nafasi na Kukosa Sifa: Udaktari wa Ng'ambo kwa Vijana wa Kitale na Bungoma

Katika mtihani wa kidato cha nne wa Kenya (KCSE) wa 2023, watahiniwa 1,216 pekee kati ya takriban 900,000 walipata gredi ya A. Waliofikia C+, kiwango cha chini cha kuingia chuo kikuu, walikuwa 201,133. Nafasi za udaktari katika vyuo vya umma hugombaniwa na walio juu kabisa ya orodha hiyo, na ushindani huo ndio humwacha nje kijana wa Kitale mwenye B+ ambaye amefanya vyema katika masomo ya sayansi. Jirani yake wa Bungoma mwenye C+ huachwa nje vilevile. Wote wawili hupewa ushauri mmoja: jaribuni ng'ambo. Hoja yangu ni kwamba vijana hawa hawana shida moja. Wa kwanza amekosa nafasi. Wa pili amekosa sifa. Kuvuka mpaka kunaweza kumtatulia wa kwanza shida yake. Kwa wa pili, safari hiyo huiahirisha tu shida ile ile, na gharama ya kuiahirisha ni ada ya miaka mitano au sita.

Msingi wa tofauti hii ni utaratibu wa leseni. Anayetaka kutibu nchini kama daktari husajiliwa na Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno, na Baraza limeweka kiwango cha kuingilia kozi yenyewe: wastani wa B katika KCSE, pamoja na B katika Baiolojia, Kemia, Fizikia au Hisabati, na Kiingereza au Kiswahili. Aliyesomea nje hurudi na shahada yake, kisha, hasa akiwa amesomea nje ya Afrika Mashariki, hufanya mtihani wa Baraza kabla ya kuruhusiwa kuanza mafunzo ya kazi hospitalini, na hati yake ya KCSE ni miongoni mwa karatasi zinazokaguliwa. Hapa ndipo wazazi wengi hupotoshwa bila hata kuambiwa uongo. Wakala wa masomo ya nje husema, "Chuo hiki kinatambuliwa na Baraza," na huenda anasema kweli. Mabaraza ya Afrika Mashariki hukagua vyuo vya udaktari kwa pamoja, na shahada ya chuo cha Uganda kilichopita ukaguzi huo si shahada ya kudharauliwa Kenya. Mbale, ambako Chuo Kikuu cha Busitema kina kitivo chake cha tiba, ni mwendo mfupi tu kutoka Bungoma kwa njia ya Malaba au Lwakhakha. Lakini chuo kutambuliwa ni jambo moja, na mwanafunzi kukubalika ni jambo jingine. Barua ya udahili huthibitisha kwamba chuo kimekubali kumfundisha na kupokea ada yake. Haithibitishi kwamba nchi yake itamruhusu kutibu.

Gharama yenyewe tuipime kwa kipimo kinachoeleweka Trans Nzoia. Mwishoni mwa 2023 serikali ilitangaza kununua gunia la mahindi la kilo 90 kwa shilingi 4,000. Tukichukulia ada ya shilingi 400,000 kwa mwaka, kabla ya chakula, malazi na nauli, hayo ni magunia 100 kila mwaka, kabla hujatoa bei ya mbolea, mbegu na trekta. Mkulima wa ekari tatu hawezi kuyatoa shambani mwaka baada ya mwaka. Atauza shamba lenyewe. Shamba likishauzwa, hakuna cha kumrudisha kijana darasani iwapo Baraza litamkataa, wala cha kuwasomesha wadogo zake. Anayedhani hatari hii ni ya kufikirika tu aangalie kaunti jirani ya Uasin Gishu, ambako wazazi walilipia mpango wa masomo ya Finland na Kanada uliosimamiwa na kaunti yenyewe, na kufikia 2023 walikuwa wakiandamana Eldoret wakidai fedha zao, hadi suala likafika Seneti. Ikiwa mpango wenye muhuri wa serikali ya kaunti uliweza kuwaacha watu njiani, wakala mwenye meza moja na kalenda ya chuo ukutani hatoi dhamana kubwa zaidi.

Masomo yenyewe ya mbali nayo yana mapengo. Anayesomeshwa kwa Kiingereza nchini China humkuta mgonjwa anayezungumza Kichina, na usipomwelewa mgonjwa hujifunzi kuuliza historia ya ugonjwa wake. Akirudi, wodi ya Bungoma humngoja na malaria na selimundu, magonjwa ambayo huenda ameyaona zaidi vitabuni. Mwanafunzi mwenye msingi imara wa sayansi huziba mapengo haya kwa bidii. Aliyetatizwa na Kemia tangu kidato cha pili huyabeba mapengo haya pamoja na lile la msingi wake.

Pingamizi zito zaidi ni la haki, na sitaki kulipita juu juu. KCSE haipimi akili peke yake. Hupima pia shule. Mtoto wa shule ya kutwa pembeni mwa Mlima Elgon, ambaye huenda aliona bureti kwa mara ya kwanza karibu na mtihani wa vitendo, hashindani sawasawa na wa shule ya bweni yenye maabara tatu. C+ yake huenda imegharimu juhudi kuliko A- ya mwenzake. Nakubali yote hayo. Lakini dhuluma hiyo ilitendeka maabarani, na barua ya udahili haiiponyi. Dhuluma hiyo hujitokeza tena miaka sita baadaye, mbele ya Baraza lisilouliza mtu alisomea wapi kidato cha nne. Anayedai haki kwa ajili ya mtoto huyu adai maabara na walimu wa sayansi, na wakati huohuo amwonyeshe njia zilizo wazi sasa. Anaweza kurudia KCSE kama mtahiniwa binafsi, kwa mwaka mmoja na gharama ndogo. Anaweza kusomea diploma ya utabibu katika Chuo cha Mafunzo ya Tiba cha Kenya (KMTC), chenye kampasi Kitale, Bungoma na Webuye, ambacho hupokea wenye wastani wa C waliotimiza masharti ya masomo husika, kisha akaendelea na shahada ya utabibu kama ile ya Egerton. Wapo watakaosema hiyo ni kumshusha kijana hadhi. Wanaosema hivyo hawajakaa foleni ya kituo cha afya cha kijijini, ambako mara nyingi tabibu ndiye anayeandika dawa.

Pingamizi la pili ni la mifano: fulani alikwenda na alama hizo hizo, leo ni daktari. Huenda ni kweli, hasa kwa waliokwenda zamani, masharti yakiwa mengine. Lakini aliyefaulu hufanyiwa sherehe na kijiji kizima kikamjua. Aliyekwama hubaki mjini akifanya kazi nyingine, na wazazi wake hawalizungumzi jambo hilo hadharani. Mzazi anayehesabu mifano ya kijijini kwake anahesabu upande mmoja tu.

Kwa hiyo swali la kwanza lisiwe chuo kipi kitampokea. Mzazi akichukue cheti cha KCSE, akilinganishe somo kwa somo na kiwango cha Baraza, kisha aombe jibu la Baraza kwa maandishi kabla ya kulipa hata ada ya maombi. Ofisi za basari za kaunti za Trans Nzoia na Bungoma nazo zinaweza kudai jibu hilo kwa kila anayeomba msaada wa kusomea udaktari nje. Na mwenye B+ aliyetimiza masharti yote, lakini akakosa nafasi kwa sababu nafasi ni chache, asaidiwe kwenda.