Deni la Mwalimu

SEHEMU YA KWANZA

Katika familia yetu mwenye mwandiko mzuri hapewi sufuria ya kuosha, hata msibani. Nilipewa daftari la rambirambi. Kwa siku zote nne za matanga ya baba nilikaa chini ya turubai, meza mbele yangu, nikiandika jina, kiasi na saini. Ulikuwa msimu wa senene. Usiku vijana wa Muleba walikuwa wakiondoka motoni mmoja mmoja kwenda kuwakamata kwenye taa za barabarani, wanarudi na mifuko imejaa, wanakaa tena kwa huzuni ileile.

Siku ya pili alikuja mwanamume wa makamo, koti la kijivu, viatu vina vumbi la safari ndefu. Akahesabu laki tatu, noti mpya.

"Nikuandike nani, kaka yangu?"

"Andika mwanafunzi."

"Wanafunzi wa Mwalimu wamejaa hapa mpaka migombani. Jina?"

"Andika mwanafunzi, dada. Jina tutalifikia."

Nikaandika hivyohivyo. Alisaini mchoro usiosomeka, akachukua punje mbili za kahawa kwenye kikapu cha wageni, akaenda kukaa nyuma kabisa, karibu na mibuni. Hakuondoka siku ile, wala iliyofuata. Shangazi, ambaye hakuna msiba wa ukoo huu aliouacha bila kesi, alinifuata mezani.

"Umemwona?"

"Nimemwona."

"Na ile pua umeiona?"

Najua unachofikiri, msomaji. Shangazi naye alikifikiri, na mpaka jioni jiko zima lilikuwa limeshampa marehemu mtoto wa nje, mama wa mtoto huyo, na kijiji alikotoka huyo mama. Mimi nilikataa. Si kwamba baba alikuwa malaika. Nilikataa kwa sababu sikuona angeupata wapi muda.

Mwaka 1965, akiwa na miaka ishirini, alipanda MV Victoria kwenda Mwanza kusomea ualimu Butimba. Aliporudi alipangiwa shule yenye madarasa mawili ya matope, na kwa miaka arobaini hakuwahi kuwa na jioni yake mwenyewe. Serikali ilipoutangaza mwaka 1970 kuwa wa elimu ya watu wazima, yeye alikuwa anafundisha watoto mchana na wazazi wao usiku, kwa mwanga wa karabai. Mama mkwe wake alikuwa darasa hilo. Kwa heshima ya mkwe, bibi aliketi ameupa ubao mgongo, akijifunza kusoma kwa kugeuza shingo, na baba akifundisha huku ameangalia dirishani. Bibi alihitimu. Alikuwa akisoma Biblia mpaka anakufa, na kila alipofika neno gumu alimlaumu mkwewe.

Kisha ikaja 1977, Elimu ya Msingi kwa Wote, watoto wakamiminika darasa moja mpaka wengine wakaandikia magotini. Mwaka uliofuata ikaja vita. Majeshi ya Amin yalivamia mwishoni mwa Oktoba 1978, daraja la Kyaka likavunjwa, na watu wa ng'ambo ya mto Kagera wakakimbilia kusini na magodoro kichwani. Baba aliwapokea watoto wao shuleni bila barua ya uhamisho, bila cheti cha kuzaliwa, wengine bila mtu wa kumtaja kuwa ndiye mzazi. Mkaguzi alipouliza takwimu hizi zimetoka wapi, alijibiwa zimetoka vitani.

Mwalimu huyohuyo ndiye aliyekuwa akimpigia mama pasi. Pasi ya mkaa, vitenge vya mama, kila Jumamosi, mlango wazi ili wapita njia waone na waseme, na walisema. Alipopata baiskeli ya Swala, mtu wa kwanza kubebwa alikuwa mama, kwenda kliniki na ujauzito wangu. Tulipokwenda shule za bweni alijibu kila barua, ila kwanza aliisahihisha kwa wino mwekundu na kuturudishia. Yangu moja ya kuomba nauli ilipata sita kati ya kumi. Nilipohesabu hela iliyokuwa ndani ya bahasha, nikakuta asilimia sitini ya niliyoomba.

Na kila jioni kabla ya chakula aliita mahudhurio. Kila mtoto majina yake matatu, akitua baada ya kila moja, nasi tunajibu, "Nipo!" Asiyejibu kwa sauti alirudiwa, na matoke yakipoa ni shauri yake. Tulikuwa tunacheka. Hata tulipokuwa watu wazima wenye wake na waume, tukirudi Krismasi aliita, tukaitika.

Lakini nikikumbuka nyumba ile siwezi kuruka mwaka 1985, mwaka Kaka alipomaliza darasa la saba.

Kaka ndiye mkubwa wetu, na alikuwa na akili kuliko sisi wote. Siku hizo nafasi za sekondari ya serikali zilikuwa chache mno. Shule nzima ingeweza kumaliza bila mtoto hata mmoja kuchaguliwa. Matokeo yalipotoka baba alikwenda mwenyewe wilayani kuyachukua. Mimi nilikuwa mdogo, ila wakubwa zangu wanasimulia kwamba alirudi jioni akiisukuma baiskeli, hakuipanda, na magurudumu yalikuwa mazima. Akamwambia Kaka maneno mawili tu: "Nafasi imekosekana."

Baba Mdogo alikuja na ufumbuzi ambao nusu ya Tanzania iliujua. Mtoto apelekwe shule nyingine, arudie darasa kwa jina la mwanafunzi aliyeacha masomo. Walimu wengine walikuwa wanawafanyia watoto wao. Baba alikataa.

"Jina si koti," alisema, "la kuazima na kurudisha."

Kaka akaenda Bukoba mjini kujifunza ufundi wa magari. Leo ana gereji yake na vijana sita chini yake, na mikono yake haitakati hata kanisani. Hakumsamehe baba, nadhani, ila alimheshimu: alijua kwamba alichonyimwa yeye, baba asingempa mtu yeyote.

Siku ya nne tuliondoa matanga. Mwinjilisti aliomba, tukala, kisha Baba Mdogo akasimama na swali ambalo halikwepeki.

"Anayemdai marehemu aseme sasa. Na anayedaiwa, aseme sasa."

Mwenye duka akataja betri za redio, shilingi elfu nane. Mama mmoja akasema anadaiwa debe la maharage, watu wakacheka kidogo, Mama akalisamehe. Kimya kikaingia. Baba Mdogo alikuwa anafungua mdomo kufunga kikao aliposimama yule wa koti la kijivu.

"Mimi nadaiwa."

Shangazi akanifinya paja.

"Kiasi gani, ndugu?" Baba Mdogo akauliza.

"Si fedha. Na mama pale anaweza kutulia, mimi si mtoto wa Mwalimu." Shangazi akaniachia. "Nilivuka Kagera mwaka 1978 mgongoni mwa mtu nisiyemjua. Wazazi wangu sikuwaona tena. Mwalimu aliniweka darasa la kwanza. Mwaka 1985 nikamaliza la saba hapa, na jina langu halikuchaguliwa. Lakini Januari nilikuwa kidato cha kwanza."

Mama, aliyekuwa ameketi mkekani tangu asubuhi bila neno, alijifunika kitenge usoni.

"Nimesoma kwa jina hilo, nimeajiriwa kwa jina hilo, nimeoa kwa jina hilo. Mwaka 2017 vyeti vya watumishi vilipohakikiwa, zaidi ya 9,900 waligundulika na vyeti vya kughushi. Changu kilipita. Cheti ni halali, wazee wangu. Bandia ni mimi."

Hakuna aliyetafuna kahawa tena.

"Kabla Mwalimu hajazidiwa aliniita. Akasema kosa ni lake, akanitaka niahidi sitaliacha lizikwe naye. Nimekuja kulirudisha jina kwa mwenyewe, hata kama kazi yangu na kiinua mgongo changu vitakwenda nalo."

Akatoa bahasha ya kaki ndani ya koti. Kaka, aliyekuwa akigawa maji, aliweka jagi chini. Uso wake ulikuwa umekaza.

"Baba alimpa mtu jina?" akauliza. "Baba huyu huyu?"

Hakujibiwa. Baba Mdogo alivaa miwani, akakunjua cheti, akakisoma kwa macho. Akavua miwani, akaifuta, akavaa tena. Akamtazama Mama, Mama hakufunua uso. Ndipo akasoma kwa sauti, majina yote matatu, akitua baada ya kila moja, kama alivyokuwa akisoma marehemu kaka yake.

Watu wawili wakaitika, "Nipo."

ITAENDELEA JUMAMOSI IJAYO