Fundi wa Ndege na Mwalimu Wake

Vijana wa Kitengela na Kajiado wamezoea kuona ndege ndogo zikipita juu ya mbuga, kwani kiwanja cha Orly kimo katika kaunti yao, na kile cha Wilson, Nairobi, hakiko mbali. Macho yote humfuata rubani. Fundi aliyeiruhusu ndege ile kuruka hapana amtajaye.

Ufundi huu si mgeni kwetu. Mwaka 1929 Florence Wilson alianzisha Wilson Airways mjini Nairobi. Na mwaka 1946 East African Airways ilianza safari kwa ndege sita za Dragon Rapide, ambazo mifupa yake ni mbao na ngozi yake kitambaa. Fundi wake alihitaji jicho la seremala na mkono wa mshonaji. Kumbe mwaka 1960 shirika lilo hilo lilipokea Comet 4, ndege ya jeti yenye mwili wa madini!

Na Comet ilikuwa na habari ya kuogofya. Mwaka 1954 ndege mbili za namna ya kwanza zilivunjika angani, moja karibu na kisiwa cha Elba na nyingine karibu na Naples, wakafa watu 56. Wachunguzi wa Kiingereza waliutia mwili wa Comet nyingine katika tangi la maji, wakaushindilia maji na kuyapunguza tena na tena, hata ukapasuka. Ikajulikana ya kuwa madini ya mwili ule yalikuwa yamechoka: ufa huanza mwembamba kama unywele, kisha hukua.

Kitabu chaweza kuueleza ufa huo, lakini kuuona ni kazi nyingine. Mwanafunzi humulika bawa kwa mbele, asione kitu. Mwalimu aliyekaa miaka bandani huilaza taa ubavuni, na kivuli chembamba hutokea. Humwonyesha pia weusi kama masizi uliotambaa nyuma ya ribiti, dalili ya kuwa ribiti ile imelegea nayo yasugua.

Kanuni za kimataifa zataka mwenye leseni ya ufundi awe ametimiza umri wa miaka 18, na awe amefanya kazi miaka minne. Bali aliyehitimu mafunzo yaliyoidhinishwa hutakiwa miwili tu. Hesabu mwenyewe, msomaji: darasa limepewa thamani ya miaka miwili ya kazi. Mwalimu atailipaje kama yeye hanayo?

Wala sisemi ya kuwa kila fundi mkongwe ni mwalimu. Wako wampokonyao kijana spana kwa kukosa subira, naye huondoka mikono mitupu. Awezaye kungoja mwanafunzi augundue ufa kwa macho yake mwenyewe ni nadra, na huyo ndiye wa kutafutwa. Basi kijana wa Kajiado atakaye kazi hii, kabla ya kulipa karo, na aulize waalimu wa chuo kile walifanya kazi katika banda gani, miaka mingapi, na juu ya ndege zipi.