Bakteria na Mabadiliko ya Awali ya Saratani ya Umio: Historia ya Swali la Kitabibu na Maana Yake kwa Itumba

Insha hii inajadili namna wataalamu walivyoeleza chanzo cha saratani ya umio Afrika Mashariki. Hoja yake ni kwamba maelezo ya bakteria yaliyojengwa ughaibuni yanahusu ugonjwa mwingine, tofauti na ule unaoikabili Itumba, makao makuu ya Wilaya ya Ileje, jirani na Malawi.

Katika miaka ya 1960, Denis Burkitt, daktari mpasuaji wa Hospitali ya Mulago, Kampala, alikusanya taarifa za saratani kutoka hospitali za misheni. Ilibainika kuwa saratani ya umio ilikithiri mahali pamoja na kuwa adimu pengine pasipo mbali. Mwaka 1971, Paula Cook aliihusisha na pombe ya mahindi. Hivyo, maelezo ya awali yalielekea kwenye kinywaji.

Bakteria waliingia katika mjadala baada ya mwaka 1982, Robin Warren na Barry Marshall walipomkuza bakteria wa tumboni, Helicobacter pylori, huko Perth, Australia. Mwaka 1994 bakteria huyo alitangazwa rasmi kuwa kisababishi cha saratani. Hata hivyo, alihusishwa na tumbo. Katika umio, watafiti wa nchi za Magharibi walishughulikia hali iliyopewa jina la Norman Barrett, inayotokana na tindikali kupanda kutoka tumboni; na wenye hali hiyo huonekana kuwa na Helicobacter pylori kwa nadra zaidi kuliko wengine.

Saratani inayotawala Afrika Mashariki haitokani na hali hiyo. Huanzia katika seli bapa za utando wa umio. Bomet, Kenya, watu 305 wasio na dalili walichunguzwa kwa kamera na rangi ya iodini, asilimia 14.4 walikutwa na mabadiliko ya awali, kama ilivyochapishwa mwaka 2016. Tafiti za Kenya na Tanzania zimehusisha saratani hii na afya duni ya kinywa. Bakteria wa kinywani hugeuza pombe kuwa asetaldehidi, na naitreti kuwa naitraiti, malighafi ya kemikali zinazoweza kuzua saratani. Uhusiano huo haujathibitisha kuwa bakteria ndio chanzo: uvimbe wenyewe, kwa kuzuia chakula, huweza kubadili bakteria wanaoishi hapo.

Kwa kuhitimisha, pombe na bakteria si maelezo yanayopingana. Huenda vikakutana kinywani. Kwa Itumba, jambo hili ni la uhai. Mabadiliko ya awali hayaumi, na mgonjwa hufika hospitali uji nao ukimkwama. Utafiti unaofaa uanze na meno, fizi na utando ambao bado haujaharibika, kabla ya uvimbe kuficha kilichotangulia.