Musoma 1974: Mtihani Wenyewe Ulipohojiwa

Katika miaka ya ukoloni, na hata uhuru ulipokuja, kijana wa Tanganyika aliyemaliza sekondari alisubiri Cambridge iseme kama amefaulu. Maswali yalitoka Uingereza, na majibu yalisafirishwa huko kwenda kusahihishwa. Baraza la Mitihani la Afrika Mashariki lilianzishwa 1967 ili nchi zetu tatu zijitoe huko hatua kwa hatua. Tanzania haikungoja: ilijitoa katika baraza hilo 1971, na Novemba 1973 Sheria namba 21 ikaunda Baraza la Mitihani la Tanzania.

Mtahini sasa alikuwa wetu, lakini mtihani ulibaki uleule. Mwalimu Nyerere alikwishaulalamikia Machi 1967 katika Elimu ya Kujitegemea: unapima uwezo wa kukariri mambo na kuyatoa kwa saa iliyopangwa, haupimi fikra, tabia wala moyo wa kutumikia wenzako. Tena walimu hupitia mitihani ya nyuma, wakafundisha kile wanachodhani kitaulizwa. Maneno hayo yangeweza kuandikwa asubuhi ya leo.

Novemba 1974 Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana Musoma, ikafanya jambo ambalo serikali chache zimethubutu. Iliamua kwamba mtihani wa mwisho usiwe hakimu peke yake. Kuanzia 1976 maendeleo ya mwanafunzi darasani, pamoja na kazi na mwenendo wake, yakaingizwa katika matokeo ya kidato cha nne kwa asilimia 50. Kwa upande wa chuo kikuu mageuzi yalikuwa makali zaidi. Mhitimu wa kidato cha sita hakuruhusiwa kuingia moja kwa moja. Alikwenda kwanza Jeshi la Kujenga Taifa, kisha akafanya kazi miaka miwili, ndipo aombe nafasi akiwa na barua ya mwajiri na ya tawi la TANU.

Naliheshimu wazo hili. Kijana aliyekwisha kuhesabu dawa katika zahanati au kusimamia bohari huja darasani na maswali ambayo kitabu hakikumpa. Ila barua ya tawi ilikuwa mtihani mwingine usio na mwongozo wa kusahihishia, na mwenyekiti aliweza kumpenda au kumchukia mwombaji bila kuulizwa. Pigo kubwa liliwaangukia wasichana. Miaka ile ya kungoja ndiyo ya kuolewa na kuzaa, na idadi yao chuoni ikashuka. Haukupita muda mrefu sharti la kazi likaondolewa kwao. Baadaye utaratibu wote ulilegezwa, hadi njia ya moja kwa moja ikarudi.

Alama za shuleni nazo zilileta shida yake. Shule moja ilikuwa karimu na nyingine bahili, na 70 ya huku haikulingana na 70 ya kule. Mwalimu mwenye darasa lililofurika angempimaje kila mtoto kwa haki? Aliombwa kuwa hakimu wa tabia bila kupewa muda wa kuwafahamu watoto. Hapo ndipo naona Musoma ilipokwama: ilimwongezea mwalimu mamlaka, haikumwongezea nyenzo.

Mtihani wa mwisho ukarudi kwenye kiti chake. Matokeo ya kidato cha nne ya 2012 yalipotoka, zaidi ya nusu ya watahiniwa walikuwa na divisheni sifuri. Mei 2013 serikali iliyafuta, ikaagiza alama zipangwe upya kwa utaratibu wa mwaka uliotangulia, na maelfu waliolala wamefeli wakaamka wamefaulu, karatasi zao zikiwa zilezile. Mwaka 2014 vikaja viwango vya wastani wa alama badala ya divisheni, na kabla havijazoeleka, 2016 divisheni zikarejeshwa.

Ripoti za shule, hata hivyo, bado zina safu ambayo wazazi wengi huiruka wakikimbilia nafasi ya mtoto darasani: bidii ya kazi, utunzaji wa mali, ushirikiano, uaminifu. Mwalimu huijaza kwa A na B, na hakuna sekondari wala chuo kinachomchagua mtoto kwa safu hiyo.