Ugumu si Uzima: Falsafa ya Afya katika Mchezo wa Kupanda Kilimanjaro

Katika michezo tunachanganya maneno mawili: uzima na ugumu. Mzima ni aliye kamili. Ndiyo maana tukionana huulizana kama tu wazima. Mgumu ni anayestahimili, na mtu aweza kustahimili hali amekwisha kupungukiwa. Katiba ya Shirika la Afya Duniani, iliyoanza kutumika mwaka 1948, iko upande wa uzima: afya ni ukamilifu wa mwili, akili na maisha ya kijamii, si kukosa maradhi tu.

Tofauti hii huonekana wazi Himo, mahali barabara ya Marangu inapoanza kuukabili mlima. Mgeni hupita hapo akienda mchezoni. Kijana mwenyeji hupita akienda kazini, kumbebea mgeni huyo mzigo. Mlimani wapagazi huitwa wagumu. Ni jina la sifa, lakini ndani yake mna mtego.

Mtego huo una historia. Tarehe 6 Oktoba 1889 Hans Meyer na Ludwig Purtscheller walifika kilele cha Kibo, wakakiita kwa jina la Kaisari wa Ujerumani. Mwini Amani, mtu wa Pangani aliyebaki kuwalindia kambi katika baridi ile, ni wachache wanaomkumbuka. Baada ya Uhuru wa mwaka 1961 kilele kilibadilishwa jina. Mgawanyo wa mizigo ulibaki vilevile: mmoja hupanda, mwingine hubeba.

Wapo watakaosema kwamba michezo haiwezekani bila maumivu, nao watamtaja John Stephen Akhwari, aliyemaliza mbio za marathoni Mexico City mwaka 1968 goti likiwa limeumia, zaidi ya saa moja baada ya mshindi. Heshima yake haina ubishi. Lakini Akhwari alichagua kuendelea. Angeacha, asingekosa chakula cha watoto kwa sababu hiyo.

Kileleni, mita 5,895, oksijeni anayoivuta mtu ni karibu nusu ya ile ya pwani. Mapafu kujaa maji na ubongo kuvimba humpata mwenyeji kama mgeni. Mgeni akiumwa kichwa hushushwa, na safari yake inakuwa simulizi. Mpagazi akisema anaumwa, anahofia ujira wake. Hunyamaza, nasi tunausifu ukimya huo kwa jina la ugumu. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.

Kikomo cha kilo 20 kwa mpagazi ni hatua njema, lakini mizani hupima mzigo tu, haimpimi aubebaye. Uzima unadai zaidi: mavazi ya baridi, chakula cha kutosha, na ujira usiokatwa kwa anayeshuka mgonjwa. Mchezo unaompa mmoja afya kwa kuimaliza ya mwingine haujaongeza afya yoyote duniani, umeihamisha tu. Enyi mnaotunga kanuni, na ninyi wanafunzi mtakaozirithi, anzeni kuhesabu hapo.