Kabla ya keria palikuwa na debe

Oktoba 2024 Arusha ilijaa Land Rover. Waandaaji wa tamasha walitaka kuvunja rekodi ya dunia ya msafara wa magari hayo, iliyowekwa mwaka 2018 kwa magari 632 katika mji wa Bad Kissingen, Ujerumani. Yalikuja ya kila rika: yaliyochakaa kwa kubeba watu wa vijijini, ya mashamba, ya watalii, na yale yanayoamka mara moja kwa mwezi ili yasafishwe. Magazeti yaliandika kuhusu injini, umri na wenye magari. Kuhusu keria, fremu ya kubebea mzigo juu ya paa, sikubahatika kusoma hata mstari mmoja.

Ajabu, maana ukimpa mtoto wa Karatu karatasi na kumwambia achore gari la safari, keria ataichora kabla ya taa. Na ukipita kwenye karakana za mtaa wa Unga Limited, Arusha, utaona inachomewa kila siku kwa mabomba ya chuma, ndefu, nzito, imepakwa rangi nyeusi. Wateja wengi wa siku hizi huichagua kama kofia ya sherehe: inapendeza au haipendezi? Swali lililowaumiza kichwa waliotangulia, kwamba mzigo ule utashikwa na nini hasa, halitajwi.

Magari ya kwanza kuvuka Afrika hayakuwa na la kujibu, kwa kuwa mengi yalifunikwa kwa turubai. Stella na Chaplin Court Treatt waliondoka Cape Town Septemba 1924 na magari mawili ya Crossley wakafika Cairo Januari 1926. Wafaransa wa Citroën, waliovuka Sahara mwaka huohuo wa 1924 kwa magari yenye mikanda ya mpira nyuma, walifika Kampala wakagawanyika, kundi moja likashukia Mombasa na jingine Dar es Salaam. Mzigo ulikaa nyuma na ubavuni. Na hata kama paa lingekuwepo, kitu cha lazima kuliko vyote, yaani mafuta na maji, kisingepanda juu bila kumlowesha dereva.

Hapo ndipo linapoingia debe.

Debe lile la bati la galoni 4 ambalo bibi zetu walipimia mahindi na kuchotea maji lilikuja pwani na bara likiwa limejaa mafuta ya taa au petroli. Jeshi la Uingereza liliingia nalo katika Vita ya Pili ya Dunia kule jangwani Misri na Libya. Bati lake lilikuwa jembamba na mishono dhaifu. Likigongwa na mawe barabarani, linavuja. Likipangwa jingine juu yake, linabonyea na kuvuja zaidi. Jenerali Auchinleck, aliyeongoza majeshi ya Uingereza Mashariki ya Kati, alikadiria kwamba asilimia 30 ya petroli ilipotea njiani kati ya ghala na gari lililoihitaji. Askari walilipenda kwa jambo moja tu: ukilikata katikati, ukalijaza mchanga na kumwagia petroli, unapata jiko la chai.

Wajerumani walikuwa na kitu kingine. Mwaka 1937 kampuni ya Müller ya mji wa Schwelm, kupitia mhandisi wake Vinzenz Grünvogel, ilikamilisha dumu la chuma la lita 20 kwa ajili ya jeshi. Yeyote aliyewahi kulibeba anaijua akili iliyomo. Lina vishikio vitatu sambamba: mtu mmoja hushika cha katikati, wawili wakigawana kila mmoja hushika cha upande wake, na madumu mawili matupu hubebwa kwa mkono mmoja. Mbavu zimepigwa alama ya msalaba ili bati liwe imara, na pia liweze kutanuka jua linapochoma. Juu huachwa nafasi ya hewa, kiasi kwamba likijaa petroli bado huelea majini. Kifuniko hufungwa kwa wenzo, bila spana, na mdomoni kuna mrija wa hewa unaofanya mafuta yatoke bila kukwama. Vipande viwili vya chuma vimeunganishwa kwa kuchomelewa, na mshono umezamishwa ndani usigongwe.

Namna dunia ilivyolipata dumu hilo ni kisa kinachostahili sinema. Aliyekisimulia ni Richard Daniel, Mmarekani aliyeshughulikia mafuta katika jeshi la majini la nchi yake. Kwa maelezo yake, mwaka 1939 mhandisi Mmarekani aitwaye Paul Pleiss aliunda gari Berlin ili aendeshe hadi India pamoja na mwenzake Mjerumani. Gari lilipokamilika wakagundua hawana chombo cha kuwekea maji ya dharura. Yule Mjerumani alikuwa na njia ya kufika kwenye shehena ya madumu katika uwanja wa ndege wa Tempelhof, akachukua matatu. Wakavuka mipaka ya nchi 11 bila tatizo, hadi Göring, mkuu wa jeshi la anga la Ujerumani, alipotuma ndege kumrudisha Mjerumani kwao. Kabla ya kuagana, mwenzake alimweleza Pleiss vipimo vyote vya dumu.

Pleiss aliendelea peke yake hadi Calcutta, akaliacha gari huko na kurudi Philadelphia. Aliwaeleza wakubwa wa jeshi juu ya dumu lile. Hawakumsikiliza. Akaagiza gari liletwe Marekani kwa meli, likafika likiwa na madumu yake. Moja likapelekwa Washington, likatazamwa, na uamuzi ukawa kubaki na chombo cha zamani cha galoni 10, ambacho kukifungua kulihitaji spana na kumimina kulihitaji faneli.

Daniel anasimulia hayo kwa hasira isiyofichika dhidi ya wakubwa wa Washington. Waingereza husimulia kivyao: wao waliliona dumu Norway mwaka 1940, wakawa wanaokota ya adui jangwani na kuyatunza kuliko yao wenyewe, kisha wakaanza kuyaiga. Mimi naona pande zote mbili zina haki ya kujisifu kidogo na kuona aibu zaidi. Kufikia Mei 1945 yalihesabiwa madumu milioni 21 yaliyosambaa Ulaya. Vita ilipokwisha yakauzwa kwa bei ya chee, na kwa mara ya kwanza msafiri wa kawaida akapata chombo cha mafuta ambacho angeweza kukilaza juu ya paa, akapita korongo, na kukikuta kikavu.

Land Rover ilizaliwa katika soko hilo. Ilionyeshwa Amsterdam tarehe 30 Aprili 1948, ikiwa na bodi ya aloi ya alumini kwa sababu chuma kiligawiwa kwa mgao Uingereza. Baadaye ikaja na paa la tabaka mbili kwa ajili ya nchi za joto, hewa ikipita katikati. Ukingoni mwa paa palikuwa na gata, mfereji mwembamba wa kuzuia maji ya mvua yasimwagike mlangoni. Hakuna aliyeubuni mfereji ule ili ubebe tani. Lakini ulikuwa ndiyo sehemu pekee ambayo miguu ya keria ingeweza kung'ata bila kutoboa paa, basi ukatwishwa kazi ya pili.

Mwaka 1955 wanafunzi sita wa Oxford na Cambridge waliondoka London tarehe 1 Septemba na Land Rover mbili, wakafika Singapore tarehe 6 Machi 1956. David Attenborough wa BBC aliwapa filamu ya kurekodia safari, na mmoja wao, Tim Slessor, aliandika kitabu kilichofanya vijana wengi wauze vyao wanunue gari. Katika picha zao keria imejaa. Gari lao moja, lililoitwa Oxford, liliishia kisiwa cha St Helena, likafufuliwa, na mwaka 2019 likaendeshwa kutoka Singapore hadi London.

Sisi huku tulikuwa na abiria wa paa aliyejulikana zaidi. George Adamson, ofisa wa wanyamapori aliyekuwa na makao Isiolo, na mkewe Joy walimlea Elsa, simba jike aliyebaki yatima mwaka 1956, na Elsa alipenda kulala juu ya Land Rover yao. Simba jike mzima hupita kilo 100. Kitabu cha Joy kilipotoka mwaka 1960, picha za mnyama yule juu ya gari ziliitangaza Land Rover bila kampuni kulipa senti.

Sheria ambayo madereva wa zamani wa safari waliifuata ilikuwa rahisi. Vitu vyepesi na vikubwa, kama magodoro, mahema na vikapu, vilipanda juu. Maji, mafuta na vyuma vilikaa chini, katikati ya magurudumu. Dumu la lita 20 za maji, pamoja na chuma chake, hukaribia kilo 24. La petroli hukaribia 19. Panga sita za maji juu ya paa, ongeza tairi ya akiba yenye kilo 40 hivi na keria ndefu ya chuma ambayo peke yake inaweza kufika kilo 70, na umepita kilo 250 kabla hujapandisha begi la mtalii. Uzito huo hausukumi chini tu. Kwenye mteremko wa ubavu huvuta gari lianguke, na kwenye rasta kila mruko huuzidisha maradufu, gata likifunguka kidogo kidogo.

Miaka ya 1980 watengenezaji wengi walianza kuliondoa gata. Paa likalainishwa ili upepo upite vizuri, milango ikakunjwa hadi juu, na keria ikashikishwa kwenye fremu za milango au kwenye matundu maalumu ya kiwandani. Toyota ilifanya ukaidi wenye manufaa: Land Cruiser ya familia ya 70, iliyotoka mwaka 1984, imebaki na gata la chuma mpaka leo, na hiyo ni sababu mojawapo ya mafundi wetu kuipenda. Land Rover Defender ya zamani ilikoma kutengenezwa Solihull tarehe 29 Januari 2016. Mrithi wake ana kikomo kilichoandikwa wazi: hadi kilo 168 gari likiwa linakwenda, na kilo 300 likiwa limesimama. Tofauti hiyo ipo kwa ajili ya hema la juu ya paa, ambalo Waitaliano wa Autohome wamekuwa wakiliuza tangu 1958. Watu wawili waliolala hawalitikisi paa kama barabara. Na uzito wa keria yenyewe umo ndani ya zile 168.

Kuna gharama nyingine ambayo haionekani. Mwaka 2016 watafiti wawili, Yuche Chen na Alan Meier, walikadiria kwamba keria, zikiwemo zile tupu zisizovuliwa mwaka mzima, zilikula galoni milioni 100 hivi za petroli kwa mwaka katika magari madogo ya Marekani. Kwa bei za pampu za Arusha, mwenye gari anaweza kujipigia hesabu.

Mwaka 1991 mashindano ya Camel Trophy yalianzia Dar es Salaam na kuishia Bujumbura, na magari yale ya njano ya Land Rover Discovery yakaacha hapa nchini tamaa ya kila aina ya taa na madumu juu. Lakini mtihani mkubwa zaidi wa keria zetu ulikuja mwaka 2011, watu walipomiminika Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha dawa ya mchungaji mstaafu Ambilikile Masapila kwa shilingi 500. Foleni ilikuwa ya kilomita nyingi, wengine walilala njiani siku kadhaa, na kila kilichowawezesha kuishi njiani kilibidi kibebwe na gari. Ukarabati wa magari yaliyotoka kule ungetosha kuandikiwa makala yake.

Tangu hapo biashara imekua na maarifa yamepungua. Keria za alumini kutoka Afrika Kusini na Australia ni nyepesi, hufungwa na kufunguliwa kwa bolti, na huja na karatasi inayotaja kikomo cha uzito. Ni ghali, na wengi huziacha kwa sababu hiyo. Keria ya kuchomelewa haina karatasi. Fundi anajua kuchomelea, tena vizuri, ila hapewi kitabu cha gari wala haulizwi kama miguu minne inatosha au itafaa minane ili mzigo usambae kwenye gata lote. Kwenye magari ya watalii jambo ni zito zaidi: paa lenyewe hukatwa liweze kufunguka juu, kisha keria ikawekwa juu ya kifuniko kilichobaki. Ningetaka wanaokagua magari ya utalii wapande ngazi, wasome kikomo cha paa, wapime keria ikiwa tupu, na waandike kwenye cheti kilo ngapi zinabaki kwa mabegi.