Kilti ya Kushonwa kwa Mkono

Kilti ya Nyanda za Juu za Uskoti ilianza bila sindano. Mwishoni mwa karne ya 16 wanaume wa huko walivaa shuka refu la sufu, wakilikunja marinda upya kila asubuhi, wakajifunga mkanda kiunoni na kutupia sehemu ya juu begani. Mapema karne ya 18 sehemu ya juu iliachwa, ikabaki ya chini. Wapo wanaosema mbunifu wa kilti hiyo fupi ni Thomas Rawlinson, Mwingereza aliyekuwa na tanuri la chuma huko. Dai hilo limebishaniwa sana, na ni vigumu kuamini kwamba watu waliojifunga shuka vizazi na vizazi walimsubiri mgeni awafundishe kulipunguza.

Baada ya vita vya Culloden vya 1746, vilivyozima uasi wa Nyanda za Juu dhidi ya serikali, sheria ilipiga marufuku vazi hilo. Aliyekamatwa alifungwa miezi 6, na akirudia alipelekwa uhamishoni ng'ambo kwa miaka 7. Askari hawakuguswa na sheria hiyo, hivyo kilti ikaendelea kuvaliwa jeshini hadi marufuku ilipofutwa mwaka 1782. Katika miaka ya 1790 marinda yalikuwa yameanza kushonwa yasifunguke, na kuanzia hapo kilti ikawa kazi ya fundi. Mwaka 1822 Mfalme George IV alizuru Edinburgh kwa sherehe zilizopangwa na mwandishi Walter Scott, na vazi la milimani likapokewa kuwa vazi la taifa zima.

Kilti za kwanza za kushonwa zilichukua takriban yadi 4; ya kawaida leo huchukua 8, yaani zaidi ya mita 7. Ugumu wote uko nyuma. Kila rinda hukunjwa kwa hesabu ili mistari ya tartani, yaani kitambaa chake cha miraba, ikutane, na mgongo uonyeshe mchoro uleule wa mbele. Vikosi vingi vya jeshi, badala yake, hupendelea mstari mmoja urudiwe kwenye kila rinda. Kutoka nyonga hadi kiunoni rinda hupunguzwa upana kidogo kidogo, kwa mishono midogo isiyoonekana. Chini hakuna upindo: ukingo ni ule aliouacha mfumaji, kwa hiyo urefu hupangwa kutokea juu, na fundi akikosea kipimo cha kiuno hadi goti, hakuna pa kurekebishia.

Ujuzi huu ulikaa muda mrefu kwenye karakana za Uskoti. Mwaka 2001 Barbara Tewksbury, mwanajiolojia wa Marekani, na Elsie Stuehmeyer, fundi aliyefunzwa Glasgow, walitoa kitabu The Art of Kiltmaking kinachoeleza kazi hiyo hatua kwa hatua. Tangu hapo watu wenye kazi nyingine kabisa wameweza kujifunza kushona kilti nyumbani, na walio hodari huwashonea wengine. Asiye na foleni ya wateja anaweza kufumua rinda lililopotoka mstari na kulirudia, na hapo ndipo kazi yake hufikia ya karakana.

Kilti mpya humfikia mwenyewe marinda yakiwa bado yamepigwa bandi. Nyuzi hizo hufumuliwa kwanza. Kisha mkanda mmoja hupenyezwa kwenye tundu la kiuno na kufungwa kwa bizimi ya kushoto, na miwili hufungwa kulia. Mvaaji akinenepa kidogo, hulegeza mikanda. Akinenepa zaidi, bizimi husogezwa.